RAID 5 imetoweka baada ya kusasisha BIOS: diski tatu kati ya nne hazina supabloku

studio_kirumba

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kabla sijagusa kitu kingine.

Seva ni ya studio ya video, Kirumba, Mwanza. Debian 12, mdadm (programu ya RAID ya Linux), diski nne za TB 4 kwenye RAID 5 (safu inayovumilia kufa kwa diski moja), juu yake ext4 (mfumo wa faili) moja kwa moja, hakuna LVM. Mfumo wenyewe uko kwenye SSD ya peke yake (sda) na unawaka bila shida. Ndani ya RAID kuna TB 6.8 za harusi, sendofu na vipaimara. Bakapu ipo, ila ni ya miezi minne iliyopita, na kazi nyingi zimeingia tangu hapo.

BIOS ya mazabodi imesasishwa kwa flashi, ikamaliza bila kosa. Seva ilipowaka:

```
# cat /proc/mdstat
md127 : inactive sde[5](S)
      3906886488 blocks super 1.2

# mdadm --examine /dev/sdb
/dev/sdb:
   MBR Magic : aa55
Partition[0] :   4294967295 sectors at            1 (type ee)
```

sdc na sdd zinajibu hivyohivyo kama sdb, supabloku (rekodi ya mdadm inayoeleza safu) haionekani. Ni sde pekee yenye habari kamili:

```
        Version : 1.2
     Raid Level : raid5
   Raid Devices : 4
     Array Size : 11720658432 KiB
  Used Dev Size : 7813772288 sectors
    Data Offset : 264192 sectors
   Super Offset : 8 sectors
         Layout : left-symmetric
     Chunk Size : 512K
    Device Role : Active device 2
```

Kinachonishangaza zaidi, lsblk sasa inaonyesha sdb1, sdc1 na sdd1, patisheni ambazo hakuna aliyezitengeneza kwenye seva hii. RAID ilijengwa juu ya diski nzima, bila patisheni.

Nirudishe BIOS ya zamani? Au niendeshe `mdadm --create` upya?

fundi_igoma

Mkuu, BIOS ikisasishwa mipangilio hurudi ya kiwandani. Ingia Setup, angalia SATA Mode. Kama ilikuwa RAID na sasa inasoma AHCI (hali ya kawaida, bila RAID ya BIOS), irudishe RAID, diski zitaonekana. Ikigoma, weka toleo la zamani la BIOS.

nyegezi_net

Fundi, hapo tutampoteza. Dawa hiyo ni ya RAID ya mazabodi, ile inayotengenezwa ndani ya Setup kabla ya mfumo kuwaka. Huyu anatumia mdadm, na mdadm haihitaji kitu zaidi ya AHCI. Akiiweka RAID sasa hivi hapati faida yoyote, na anaipa BIOS nafasi ya kumuuliza maswali ya "kuunda safu mpya" ambayo mtu mwenye usingizi anaweza kuyajibu ndiyo.

Kurudisha toleo la zamani nako hakusaidii. Kilichoandikwa kwenye diski kimeshaandikwa.

studio_kirumba, tuletee vitu viwili. Kwanza matokeo ya `hdparm -N /dev/sdb` na wenzake. Pili, historia ya diski zenyewe: zipi zilinunuliwa mpya na zipi mtumba?

Na kwa sasa: usiwashe upya bila sababu, usiziguse kwa parted (programu ya patisheni), usiendeshe fsck kwenye sdb1, usizichomeke kwenye mashine ya Windows. Windows itakuomba ruhusa ya kuzifomati, na parted ikikuambia jedwali la mwanzo limeharibika ila nakala ya mwisho ni nzima, ukibonyeza OK umerudia kosa lilelile lililokufikisha hapa.

studio_kirumba

Zote nne zinasema hivi:

```
max sectors   = 7814037168/7814037168, HPA is disabled
```

sdb, sdc na sdd ni mtumba, ziliingia pamoja wakati seva inajengwa. Ya nne ya wakati ule ilikufa mwaka jana, ikabadilishwa na hii sde, mpya kabisa kutoka kwenye boksi.

nyegezi_net

Basi jibu tunalo, na ni habari njema.

HPA (eneo linalofichwa mwishoni mwa diski) nimeiuliza ili kuifuta kwenye orodha. Kuna mazabodi za zamani zilizokuwa zikificha nakala ya BIOS mwishoni mwa diski na kuifupisha kwa sekta 2113. Diski ya TB 2 ilionekana 3907027055/3907029168. Hilo huua RAID ya Intel, kwa sababu kumbukumbu zake hukaa mwishoni mwa diski. Kwako halipo.

Kwako kilichotokea ni hiki. Jedwali la GPT (orodha ya patisheni za diski) huandikwa mara mbili: nakala moja mwanzoni mwa diski, sekta 0 hadi 33, na nyingine kwenye sekta 33 za mwisho. Diski zako za mtumba zilikuwa na GPT kwa mwenye nazo wa kwanza. Seva ilipojengwa, mdadm iliandika supabloku yake kwenye sekta ya 8, juu ya jedwali la mwanzo. Lile la mwisho halikuguswa. Piga hesabu kwa namba zako mwenyewe: data inaanzia sekta 264192, inachukua sekta 7813772288, kwa hiyo inaishia 7814036480. Diski ina sekta 7814037168. Sekta 688 za mwisho mdadm haikuzigusa kamwe, na humo ndimo nakala ya GPT ya zamani ilimokuwa imelala miaka yote.

BIOS mpya inakagua GPT wakati wa kuwaka. Imekuta mwanzo umeharibika na mwisho ni mzima, ikajifanya msamaria mwema: ikanakili jedwali la mwisho ikaliweka mwanzoni. Supabloku zikafunikwa. Ndiyo maana umepata patisheni za marehemu. Na ndiyo maana sde imepona: ni mpya, haikuwa na nakala yoyote ya kurejeshwa.

Kilichofunikwa ni sekta 34, yaani baiti 17,408 kwa kila diski. Video zako ziko MB 129 mbele ya hapo, hazijaguswa.

fundi_igoma

Nimekuelewa mkuu, nafuta kauli. Ila kama data iko salama, si apige `--create` tu hapohapo, vipimo vyote si anavyo kwenye sde?

dada_pasiansi

Ana vyote isipokuwa mpangilio. sde inasema yenyewe ni namba 2. Nani ni 0, nani 1, nani 3, hajui bado. Diski tatu zinapangika kwa namna sita, na tano kati ya hizo ni mbaya.

Halafu kuna mtego mwingine. `--create` ya RAID 5 bila `--assume-clean` haiundi safu na kutulia. Inaichukua diski ya mwisho kwenye orodha kama ya akiba na kuanza kuijaza upya kwa hesabu za nyingine tatu. Mpangilio ukiwa umekosewa, kila sekunde MB zaidi ya 100 za takataka zinaandikwa juu ya data nzuri. Hapo ndipo watu wengi hupoteza kazi zao: BIOS inafuta KB 17, mwenye seva anamalizia TB 4 zilizobaki.

Kwa hiyo kwanza tafuta mpangilio, bila kuandika chochote. Njia mbili, na ufanye zote.

Ya kwanza ni logi. Kila seva inapowaka, kerneli huandika nafasi ya kila diski:

```
journalctl --grep 'operational as raid disk'
```

Usitumie `journalctl -k`, maana hiyo huonyesha mwasho wa sasa pekee, na mwasho wa sasa ndio uliovunjika. Sasa, herufi za sdb na sdc si za kuaminika baada ya BIOS kubadilika, zinaweza kuhamahama. Ziunganishe na namba za serial (S/N) za diski. Kama smartmontools ilikuwa ikifanya kazi, smartd huandika S/N ya kila diski pembeni ya herufi yake:

```
journalctl -u smartmontools --grep 'S/N'
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
```

Chukua siku moja ya kabla ya kusasisha BIOS, linganisha herufi za siku hiyo na S/N, kisha S/N na herufi za leo. Andika kwenye karatasi, na ubandike kikaratasi kwenye kila diski.

Ya pili ni kuziuliza diski zenyewe. Kwenye left-symmetric (namna mdadm inavyogawa data) ya diski nne, chanki (kipande) ya kwanza kabisa ya data iko kwenye diski 0. Humo ndimo supabloku ya ext4 ilimo:

```
for d in sdb sdc sdd; do echo $d
dd if=/dev/$d bs=512 skip=264192 count=8 2>/dev/null | file -
done
```

Itakayojibu "ext4 filesystem data" ndiyo namba 0. Mstari wa kwanza wa pariti (hesabu ya kurudishia data ya diski iliyokufa) uko kwenye diski 3, ila usiogope kuichanganya na 0: ext4 ya ukubwa huu ina MB kadhaa za maelezo ya vikundi yanayojaza chanki ya pili na ya tatu, kwa hiyo pariti yake hutoka imevurugika na `file` huiita "data" tu.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Kikikupa ext4, kimethibitisha pia kwamba 264192 ndiyo data offset ya diski za zamani. sde iliingia baadaye, na diski iliyoongezwa kwa toleo tofauti la mdadm huweza kuwa na offset yake. Isipopatikana kwenye 264192, jaribu `skip=262144`, iliyotumiwa sana na matoleo ya zamani. Zikitofautiana, `--create` inakubali `--data-offset=variable`, na kila diski unaiandikia offset yake baada ya nukta mbili.

studio_kirumba

Asante dada. Logi zipo, za wiki tatu nyuma. Zamani ilikuwa sdb=0, sdc=1, sdd=2, sde=3. Kwa S/N, leo ni hivi: 0 ni sdc, 1 ni sdb, 2 ni sde, 3 ni sdd. Kumbe herufi zimehama kweli.

Kipimo cha dd: sdc imejibu "Linux rev 1.0 ext4 filesystem data", sdb na sdd "data".

nyegezi_net

Vimekubaliana. Na Device Role ya sde kusema 2 ni shahidi wa tatu.

Sasa tunafanya kazi juu ya ovalei, si juu ya diski. Kila kitakachoandikwa kitaingia kwenye faili pembeni, diski zenyewe zitasomwa tu. Ukikosea unafuta faili unaanza upya.

Kabla ya yote, `smartctl -A` kwa kila diski. Namba 5, 197 na 198 (sekta mbovu) ziwe sifuri. Ikiwa 197 inapanda, simama, diski hiyo inakiliwe kwanza na ddrescue. Ikiwa ni 199 inayopanda, tatizo ni kebo ya SATA. Ulifungua kasha hivi karibuni?

Unahitaji nafasi kidogo kwenye SSD, GB 20 zinatosha kwa uhakika, maana faili hizi hukua kadiri zinavyoandikwa:

```
mdadm --stop /dev/md127
mkdir /ovl
for d in sdb sdc sdd sde; do
  blockdev --setro /dev/$d
  truncate -s 20G /ovl/$d
  L=$(losetup -f --show /ovl/$d)
  S=$(blockdev --getsz /dev/$d)
  echo 0 $S snapshot /dev/$d $L P 8 | dmsetup create ov-$d
done
```

Usiruke `mdadm --stop`. md127 bado imeishika sde hata kama imeandikwa inactive, na dmsetup itakuambia kifaa kina shughuli.

Kisha, kwa mpangilio wako:

```
mdadm --create /dev/md9 --assume-clean --metadata=1.2 \
 --level=5 --raid-devices=4 --chunk=512 \
 --layout=left-symmetric --data-offset=132096K \
 /dev/mapper/ov-sdc /dev/mapper/ov-sdb \
 /dev/mapper/ov-sde /dev/mapper/ov-sdd
```

132096K ndiyo sekta 264192. Usiiache mdadm ichague yenyewe. Itakuonya kwamba kuna jedwali la patisheni na kwamba moja ni ya RAID nyingine, jibu y, ni ovalei. Hakikisha kila jina linaanza na ov-. Soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza.

Baada ya hapo linganisha: `mdadm --detail /dev/md9` itoe Array Size 11720658432, na `mdadm --examine /dev/mapper/ov-sdc` itoe Data Offset 264192. Zikitofautiana hata kwa moja, usiendelee.

```
fsck.ext4 -n /dev/md9
mount -o ro,noload /dev/md9 /mnt/okoa
```

-n ni ya kukagua bila kurekebisha. Mpangilio ukiwa mbaya utaona mvua ya makosa ya checksum za vikundi. Makosa mawili matatu ya hesabu ya bloku huru ni kawaida, kwa sababu -n, kama noload, haisomi jono (daftari la mabadiliko) la ext4.

dada_pasiansi

Niongeze: usiridhike kwa kuona majina ya folda. Chanki ni KB 512, kwa hiyo faili ya KB 40 inakaa ndani ya diski moja na inaweza kufunguka hata mpangilio ukiwa mbovu. Pima kwa faili kubwa, zile za GB kadhaa zinazopita diski zote nne mara maelfu:

```
ffmpeg -v error -i harusi.mp4 -f null -
```

Ikinyamaza mpaka mwisho, ni nzima. Pima tano sita, za miaka tofauti, na mbili zilizoandikwa wiki ya mwisho. Hizo za mwisho ndizo zinazoonyesha kama RAID ilikuwa inaenda sawa mpaka dakika ya kuzimwa.

studio_kirumba

fsck -n: makosa mawili ya "free blocks count wrong", hakuna kingine. Imekubali kuunganishwa. Video sita, ffmpeg kimya kwa zote sita. SMART: 5, 197, 198 ni sifuri kote.

Wakuu, sina la kusema. Sasa nianze kunakili? Diski ya nje niliyonayo ni TB 8, USB 3.

nyegezi_net

Anza. Ifomati ext4, si exFAT, usipoteze ruhusa na majina ya faili.

```
rsync -aH --partial --info=progress2 /mnt/okoa/ /mnt/nje/
```

Kwa MB 130 hadi 150 kwa sekunde TB 6.8 ni kama saa 13 hadi 15. Baadhi ya diski za nje za ukubwa huo ni SMR (njia za data hupandana), na hizo hushuka kasi zikishiba, kwa hiyo usishtuke ikifika saa 20. Kupitia mtandao wa gigabiti kwenda mashine nyingine, MB 110 hivi, ni saa 17.

Mambo mawili ya huku kwetu. Umeme: UPS ya VA 650 haitakuvusha saa 15, itakupa dakika za kuzima kistaarabu tu. Ukikatika katikati, ovalei hazipotei, P kwenye ile amri maana yake zinahifadhiwa. Ukiwasha, simamisha md127 tena, rudia blockdev, losetup na dmsetup kwa faili zilezile bila kuzifuta, kisha `mdadm --assemble /dev/md9` na ovalei nne. Si `--create` tena. udev inaweza kukutangulia ikaiinua yenyewe kwa jina jingine, angalia /proc/mdstat kwanza. rsync itaruka yaliyokwisha.

La pili, kama seva iko upande wa ziwani, fungua kasha utazame feni na kichujio kabla ya kuanza. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakifuata taa usiku huziba kichujio kikawa kama zulia, na diski nne zinazosomwa saa 15 mfululizo zinahitaji hewa. Zikivuka nyuzi 50 weka feni ya mezani mbele, haina aibu.

fundi_igoma

Kama anatafuta diski nyingine ya nje na mjini hakuna, aagize Dar, basi linashusha Nyegezi. Ila amwambie muuzaji aifunge kwa sponji na ikae kwenye begi la mkononi, si buti. Diski iliyorukaruka chini ya magunia zaidi ya kilomita elfu moja usiipe kazi ya kuokoa data.

studio_kirumba

Imemaliza, saa 16 na nusu. Nimehesabu faili pande zote mbili zimelingana, na nimepima video nyingine kumi kwenye diski ya nje.

Sasa RAID yenyewe niirudishe vipi ili BIOS isirudie?

nyegezi_net

Shusha kila kitu: umount, `mdadm --stop /dev/md9`, `dmsetup remove` kwa ov- zote, `losetup -D`, `blockdev --setrw` kwa diski nne.

Kisha ondoa GPT kwenye zile tatu KABLA ya kuunda:

```
wipefs --backup -a /dev/sdb
wipefs --backup -a /dev/sdc
wipefs --backup -a /dev/sdd
```

Itafuta alama tatu kwa kila diski: PMBR (MBR ya kulinda GPT) kwenye 0x1fe, GPT kwenye 0x200, na ile ya mwisho iliyoleta balaa, 0x3a3817d5e00. Baiti inazofuta inazihifadhi kwenye faili za .bak ndani ya folda lako la nyumbani. Usipoona 0x3a3817d5e00 kwenye orodha, simama uulize, kwa sababu hiyo ndiyo yenyewe. Na usije ukaiendesha baada ya kuunda, maana itafuta na supabloku mpya. Vivyo hivyo `sgdisk --zap-all`, inasafisha ncha zote mbili.

Halafu `--create` ileile, na majina halisi badala ya ov-: sdc, sdb, sde, sdd. Ongeza `--uuid=` na Array UUID ya zamani kutoka sde, ili mdadm.conf isilalamike. Kwenye ovalei nilikuachia UUID mpya makusudi, zisigombane na sde halisi kila ukiwasha. fstab haiguswi kama inatumia UUID ya ext4.

Mara hii nayo fsck -n kwanza, kisha fsck ya kweli, kisha mount. Maliza kwa `update-initramfs -u`.

dada_pasiansi

Mimi napingana kidogo. Nakala anayo, kwa nini arudi kwenye diski tupu zisizo na patisheni? Leo wipefs imeondoa GPT, kesho mtu atachomeka diski nyingine ya mtumba bila kuisafisha, tunarudi hapahapa. Tengeneza patisheni moja kwenye kila diski, aina fd00, acha MB 100 mwishoni, unda RAID mpya juu ya sdb1, sdc1 na kuendelea. GPT ikiwepo halali ncha zote mbili, BIOS haina cha kutengeneza.

nyegezi_net

Kwa safu mpya ndivyo ilivyo, sibishi. Lakini hawezi kuhamia huko bila kujenga upya: patisheni inayoanzia sekta 2048 na kuishia kabla ya GPT ya mwisho ina sekta 7814035087, na kwa offset ileile safu ya sasa inahitaji 7814036480. Inapungua 1393. Kwa hiyo ni kufuta, kusubiri safu mpya ijisawazishe saa saba au nane, kisha kurudisha TB 6.8 kutoka USB, nyingine 15. Na muda wote huo nakala pekee ya kazi za miezi minne iko kwenye diski moja ya nje.

Ningekuwa na diski mbili za nje ningefanya ya dada. Kwa moja, arudishe hapohapo, na ahamie kwenye patisheni siku akinunua diski kubwa zaidi.

dada_pasiansi

Kwa diski moja ya nje, sawa.

studio_kirumba

Nimefuata ya kurudisha hapohapo. wipefs imeonyesha alama tatu kwa kila diski, pamoja na 0x3a3817d5e00. md0 iko [UUUU] (diski zote nne ziko hai), fsck safi. Nimewasha upya mara tatu, mara moja nikiwa nimechomoa umeme kabisa dakika tano, na supabloku zipo zote nne. lsblk haina tena sdb1.

Diski ya nje ya pili nimeagiza, inakuja kwa begi la mkononi.